Makapi ya Maji

"Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya injini zote za petroli, zilizo hai na zilizokufa, natangaza leo hapa Voi kwamba gari la umeme halipo, halijawahi kuwepo, wala halitakuwepo. Ni uvumi wa watu wa bandarini. Gari lisilo na injini ni kama mtu asiye na tumbo: unaweza kumchora ukutani, lakini huwezi kumtuma dukani."

Hayo niliyasema nikiwa nimesimama juu ya kreti tupu la soda katika gereji ya Fundi Muli, karibu na stesheni, mkono mmoja kifuani kama mwalimu wetu wa bweni anapotangaza kwamba sukari imepunguzwa. Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa hamsini na tano, nami nilikuwa nikikaa kwa baba mdogo kule milimani. Fundi Muli alikuwa amekalia tairi, spana mkononi. Baba mdogo Mwandawiro alikuwa ameegemea mlango wa lori lake, lile lenye maandishi mekundu juu ya kioo: MTASEMA MCHOKE. Mwanzoni walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakakodoa macho, nami nikajua kwamba ufasaha wangu umewagusa mioyo. Nikapaza sauti.

"Na siku gari la umeme litakapofika hapa kwa nguvu zake lenyewe, mimi Thadeus nitalila kreti hili pamoja na misumari yake!"

Mtu akakohoa kwa adabu nyuma yangu.

"Habari za mchana, wazee. Kijana, naomba ushuke hapo kwenye chakula chako. Nataka kuegesha."

Niligeuka. Karibu kabisa na kisigino changu palikuwa na gari. Lilikuwa na umbo la kabati la nguo lililowekewa magurudumu, rangi yake nyeupe imebambuka, na ubavuni kulikuwa na picha iliyofifia ya chupa ya maziwa. Halikunguruma. Halikutetemeka. Halikutoa hata moshi wa kumdanganyia mtoto. Fundi Muli na baba mdogo walikuwa wameliona likija kutoka stesheni muda wote niliokuwa nikihutubia, na hakuna aliyenipa ishara. Sasa ndipo walipocheka kweli. Fundi Muli alicheka mpaka spana ikamwangukia mguuni, na hata hapo hakuacha.

"Thadeus," alisema akijipangusa machozi, "utaanza na mbao ama misumari?"

Mwenye gari aliitwa Bwana Donald. Kwao ni Mghange, huko huko kwetu milimani, lakini watu walikuwa wamemsahau kidogo, kwa sababu vita vilimchukua akiwa kijana na bandari ya Mombasa ikamchukua vita vilipokwisha. Jeshini alikuwa fundi wa betri. Gari hilo lilikuja kwa meli kutoka Uingereza, ambako lilikuwa likigawa maziwa milangoni alfajiri bila kuwaamsha wenye nyumba. Waliolileta walilichoka, na Bwana Donald akalinunua kwa akiba yake yote. Lilishushwa kwenye behewa la mizigo mchana ule ule.

Fundi Muli alikuwa ameshalala chali chini yake, miguu tu inaonekana.

"Hakuna ekzosi," sauti yake ilisema. "Donald, hii gari inapumulia wapi?"

"Haipumui, fundi."

"Kila kitu kinachotembea kinapumua."

"Jiwe likiviringika mlimani linapumua?"

Miguu ya Fundi Muli ilisuguana. "Jiwe halipandi," ilisema.

Baba mdogo alilizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari na kutafuta kasoro. Alikuwa mtu anayejua lori lake kwa sikio. Angeweza kulala fofofo huku tanboi, msaidizi wake wa lori, akiendesha, halafu afumbue jicho moja aseme, "Plagi ya pili," na ikawa kweli ni plagi ya pili.

"Injini ikiugua inakwambia," alisema. "Inakohoa, inapiga chafya, inalia. Hii yako ikiugua itasema nini?"

"Haina mengi ya kuugua, Bwana Mwandawiro. Hakuna plagi, hakuna kabureta, hakuna rejeta ya kuchemka pale kwenye kona za Mwatate."

Fundi Muli alitoka chini ya gari haraka. "Gari isiyoharibika!" alisema kwa uchungu. "Sasa watoto wangu watakula nini?"

"Na betri ikiisha njiani?" baba mdogo aliuliza.

"Nitaijaza Werugha. Pale kwenye kinu cha zamani cha mahindi, kando ya kijito, mfereji unapopita. Nitafunga dainamo kwenye gurudumu la maji, betri zijae usiku." Kisha Bwana Donald akasita, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa akipaogopa tangu asubuhi. "Nimeongea na Mzee Hudson wa mfereji. Kamati ikiniruhusu maji ya mfereji, nitakuwa nabeba mboga kutoka Werugha mpaka ghala la Wundanyi. Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Hakuna aliyecheka tena. Mboga za Werugha zilikuwa kazi ya baba mdogo. Yeye ndiye aliyezichukua milimani, kabichi na karoti na nyanya, akazishusha Wundanyi, kisha Voi kwenye treni. Bila safari za juu, MTASEMA MCHOKE lingekuwa lori la kusimama.

"Asante kwa kuniambia," baba mdogo alisema. Akalitazama kabati lile lenye magurudumu, na mimi nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona usoni mwake hata siku breki zilipokatika: alikuwa na hofu.

Siku ya kulipandisha gari milimani tulipata faraja kubwa. Bwana Donald mwenyewe alikiri kwamba betri zake zisingeweza kutoka Voi mpaka Werugha kwa mara moja. Kwa hiyo gari la kesho lilipandishwa kwa mbao juu ya lori la jana, likafungwa kamba za mkonge, betri zikapangwa kando yake kama maiti za watoto.

"Nimeona mengi," baba mdogo alipaza sauti akibadilisha gia, ili Bwana Donald aliyekaa nyuma asikie. "Lakini gari linalobebwa na gari!"

"Mtoto hubebwa mgongoni," Bwana Donald alijibu kutoka nyuma, "na ndiye anayekuja kumzika baba yake!"

Baba mdogo alikanyaga mafuta mpaka Wundanyi. Kila shimo la barabara alilipitia kwa makusudi.

Mzee Hudson alitupokea Werugha ukungu ukiwa bado umeshuka. Alikuwa mzee wa mfereji, na pia mwenyekiti wa wauza mboga, kwa sababu kwetu mtu akishapewa kiti huongezewa na meza. Alivaa koti refu la jeshi lililomfika miguuni, na alisikiliza kila jambo akiwa amefumba jicho moja, kana kwamba analenga.

"Kinu chako kitachukua maji ya mfereji," alimwambia Bwana Donald. "Sasa ni kiangazi. Kila shamba lina zamu yake. Je, utayarudisha?"

"Yote, mzee. Yanaingia huku, yanazungusha gurudumu, yanatoka kule. Hakuna hata tone nitakaloondoka nalo."

"Hakuna tone," Mzee Hudson alirudia. "Lakini gari litatembea."

"Litatembea."

"Kwa kitu gani basi, kama hukuchukua kitu?"

Bwana Donald alieleza habari za sumaku na nyaya, na kadiri alivyoeleza ndivyo jicho la Mzee Hudson lilivyozidi kufumba. Mwishowe mzee alisema atampa maji ya usiku, wakati hakuna anayemwagilia, mpaka baraza la Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hapo watu wote wa mfereji wataamua kama ataendelea ama maji yatafungwa. Na kila mtu alijua kwamba bila maji yale, gari lilikuwa kabati tu.

Nasikitika kuarifu kwamba gari lilifanya kazi. Kila asubuhi lilipita barabara ya milimani na kabichi zake, taratibu, bila kuchubua jani. Ila lilikuwa na kasoro moja ambayo hakuna mzungu wa kiwanda angeifikiria. Kwetu watu hawakuwa na haja ya kusimama barabarani wakingoja lori. Mama angeendelea kupalilia kwenye ngazi za shamba lake, sikio likiwa mlimani. Akisikia MTASEMA MCHOKE likilia gia ya kwanza kwenye kona ya kanisa, alijua ana nafasi ya kufunga mzigo. Likiingia gia ya pili, anajitwika. Lori lilipofika, mzigo ulikuwa barabarani. Sasa gari la umeme lilipita kimya, na kina mama waligeuka wakaona mkia wake ukipotea kwenye ukungu, nyanya zikiwa bado kwenye matawi.

Bwana Donald alitafuta dawa. Alifunga kengele ya ng'ombe mbele ya gari.

Baba mdogo alipolisikia likishuka, nglong, nglong, alikaa chini barabarani kwa kicheko. "Limekubali lenyewe!" alisema. "Limesema lenyewe kwamba si gari, ni mtamba!"

Lakini wiki iliyofuata mizigo ya kina mama ilikuwa barabarani kwa wakati, na baba mdogo hakucheka tena. Aliosha lori lake kila siku. Lori lililosimama halichafuki, lakini aliliosha.

Siku moja Bwana Donald alinipa lifti kutoka ghala la Wundanyi. Nilipanda ili nipate ya kusimulia. Tulipoanza kushuka kuelekea kijitoni, aliizuia hata kengele isilie, akaishika kwa kamba. Nilisikia maji. Nilisikia ndege, nikasikia mtoto akilia nyumba fulani ng'ambo ya bonde, na mama yake akimwambia nyamaza. Tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kupita njia ile kwenye gari nikasikia chochote zaidi ya gari.

"Unaonaje?" Bwana Donald aliuliza.

Nilijibu kwamba lina harufu ya asidi. Kisha nikashuka na kwenda zangu, nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Nikaipeleka mferejini. Kina mama walikuwa wakifua, na mmoja wao, Elsie mke wa mwalimu wa Biblia, aliniita.

"Thadeus, wewe umesoma. Tuambie ukweli. Haya maji yakishapita kwa Donald, si huwa yametolewa kitu?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ni neno fupi, na nilikuwa nimepata alama nzuri za sayansi. Lakini wote waliacha kufua. Povu lilisimama mikononi mwao. Tangu siku ya kreti, hakuna mtu aliyekuwa amenisikiliza hivyo.

Nilivua kofia.

"Ni jambo zito," nilisema. "Shuleni hatuambiwi tulitangaze. Maji ni kama maziwa. Maziwa yakitolewa siagi hubaki nini? Majimaji. Mahindi yakitwangwa hubaki nini? Makapi. Na maji yakitolewa umeme…"

"Hubaki makapi," Elsie alimalizia kwa sauti ya chini.

"Makapi ya maji," nilisema. "Sayansi ndivyo inavyoyaita."

Sayansi haikuwahi kuyaita hivyo, lakini haikuwepo pale kunibishia. Jioni ile neno lilikuwa limeshapanda mpaka mashamba ya juu. Kesho yake lilikuwa limefika Wundanyi, likarudi likiwa limenenepa. Mtu alikumbuka kwamba karoti zake zimedumaa. Mwingine aliona maharagwe yake yana majani ya manjano, na kumbe maharagwe yake yalikuwa na majani ya manjano tangu mwezi wa sita. Wenye mashamba chini ya kinu waliwatazama wenye mashamba juu ya kinu kwa jicho baya, kwa kuwa wale wa juu walikuwa wakinywesha miche yao maji kamili. Mwaka ule wa hali ya hatari watu walikuwa wameshazoea kushuku. Hata gunia la viazi lilifunguliwa barabarani na askari likaulizwa linatoka wapi. Kushuku maji ilikuwa hatua moja tu mbele.

Baba mdogo alinikuta nikipiga mluzi uani.

"Thadeus. Hii habari ya makapi, umeisoma kitabu gani?"

"Kitabu kiko shuleni, baba mdogo."

"Kina jalada la rangi gani?"

"Kijani."

"Mimi nimeendesha gari tangu kabla ya vita," alisema. "Sijui umeme. Lakini nawajua vijana." Hata hivyo hakuuliza zaidi. Nadhani alitaka kitabu hicho kiwepo.

Neno peke yake halikutosha barazani, kwa kuwa Mzee Hudson alikuwa mtu wa kusema, "Onyesha." Basi niliandaa ushahidi. Nilichukua mikebe miwili ya samli, nikapanda mche wa kabichi katika kila mmoja. Mmoja niliumwagilia maji ya juu ya kinu. Mwingine niliumwagilia maji ya chini ya kinu, nikiyatilia kila jioni chumvi ya kutosha kutoka kibuyu cha mama mdogo Wakesho, mke wa baba mdogo, kile anachokitundika juu ya meko. Mche wa kwanza ulinyanyuka kama askari. Wa pili ulilegea, ukakunjamana, ukawa kama sikio la mbuzi mgonjwa. Niliusikitikia sana hadharani.

"Chumvi yangu ina miguu," mama mdogo alinung'unika jikoni. "Kibuyu kilikuwa kimejaa. Sasa Zawadi nimlambishe nini?"

Zawadi alikuwa ng'ombe wake wa maziwa. Kila asubuhi, kabla ya kumkamua, alimmwagia chumvi kidogo juu ya jiwe bapa alambe, akatulia. Sasa jiwe lilikuwa tupu, na Zawadi alikuwa akipiga teke ndoo na kulamba ukuta, mpini wa jembe, hata jasho la mgongo wa mtu aliyeinama.

"Labda ni panya," nilisema.

"Panya wa kula chumvi?"

"Wapo, mama mdogo. Shuleni tunao."

Jumamosi ilifika, na watu wa mfereji walijaa mbele ya ghala la mboga la Werugha. Hata Fundi Muli alipanda kutoka Voi, akisema hawezi kukosa mazishi ya gari lisilo na ekzosi. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa kando, kengele shingoni. MTASEMA MCHOKE lilisimama upande wa pili, linang'aa. Mama mdogo alifika akimvuta Zawadi kwa kamba, kwa sababu baada ya baraza alitaka kumpitisha kwa jirani aombe chumvi.

Mzee Hudson alifungua kwa sala ndefu iliyogusa mvua, mboga na wanaonyamaza barazani kisha wanasema njiani. Halafu watu wakasema. Walisema karoti, wakasema maharagwe. Mwisho Elsie akasema, "Ushahidi upo. Thadeus ameleta."

Niliweka mikebe yangu miwili juu ya meza. Nilikuwa nimeiandika kwa chaki: MAJI KAMILI, na MAKAPI. Manung'uniko yakapita kama upepo kwenye mahindi.

"Bwana Donald," Mzee Hudson alisema. "Unaona?"

Bwana Donald aliutazama mche ule uliolegea. Nilitarajia akasirike. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka amekosea wapi.

"Mzee, mimi nayanywa maji yale kila siku," alisema. "Ngoja niyanywe hapa mbele yenu."

"Wewe si kabichi."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha kumsaidia.

"Sikilizeni," Bwana Donald alisema. "Nimebeba betri za watu wengine jangwani na bandarini, miaka yote. Nilitaka nirudi nyumbani na kitu kimoja ambacho ni changu. Mkiyafunga maji sina mahali pengine pa kujazia betri zangu. Sitawabishia mche. Sijui mche umepatwa na nini. Najua tu kwamba gurudumu halichukui kitu kwenye maji ila ule mteremko."

"Huo mteremko ndio nguvu yenyewe!" mtu alipiga kelele nyuma. "Amekiri!"

Fundi Muli alisimama. "Mimi siipendi hiyo gari," alisema. "Mnisikie vizuri, siipendi. Lakini kwetu Ukambani mtu akiuliza ng'ombe ameibwa na nani, kwanza anaangalia kama ng'ombe amepotea kweli. Maji yamepungua?"

"Hayajapungua. Yamechakaa!" Elsie alijibu.

Mzee Hudson aliinua mkono. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa. "Mwandawiro," alisema. "Wewe ndiye unayejua magari, na kazi hii ilikuwa yako. Sema neno kabla sijaamua."

Baba mdogo alisimama. Kila mtu alijua kwamba neno moja kutoka kwake lingemrudishia safari za Werugha. Alilitazama lori lake, akaitazama mikebe, halafu akanitazama mimi. Nilitazama kofia yangu.

Hapo ndipo nilipohisi kitu kikinisukuma begani. Kilikuwa chenye unyevu, na kilikuwa na pumzi ya majani. Zawadi alikuwa amemponyoka mama mdogo. Alinipita bila salamu, akafika mezani, akanusa mkebe wa MAJI KAMILI, akaudharau. Kisha akanusa mkebe wa MAKAPI. Macho yake yakafumba nusu. Akatoa ulimi wake mrefu wa kijivu, akaanza kulamba udongo.

Alilamba kwa mapenzi. Aliung'oa mche, akautema pembeni, akaendelea na udongo. Alilamba mpaka mkebe ukaanguka, akaufuata chini, akauviringisha kwa pua na kulamba kutu yake kwa ndani, huku akikoroma kwa raha.

Hakuna mtu pale ambaye hajawahi kumlambisha ng'ombe chumvi. Elsie alichovya kidole katika udongo uliomwagika, akakipeleka ulimini. Akakunja uso. Akampa kidole mwalimu wa Biblia.

"Panya wa shuleni," mama mdogo alisema polepole kutoka nyuma. "Thadeus! Panya wa shuleni!"

Nilitazama njia ya kuelekea migombani. Fundi Muli alikuwa ameshasimama hapo, mikono kifuani.

"Baba mdogo," nilianza, "sayansi ina maelezo…"

"Kijani," baba mdogo alisema. "Jalada la kijani." Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Akawageukia watu. "Mzee Hudson, uliniomba neno. Neno langu ni hili. Mimi gari lile silitaki. Halina sauti, halina harufu, dereva wake hana la kufanya ila kukaa kama abiria. Nilitaka kulishinda. Lakini nilitaka kulishinda kwa gia, mlimani, mvua ikinyesha, watu wakiona. Sikutaka kulishinda kwa chumvi ya mke wangu." Akakaa.

Mzee Hudson alifumbua lile jicho lake. Sikuwahi kuyaona yote mawili kwa pamoja, na sikupenda.

"Maji ya Bwana Donald hayafungwi," alisema. "Yatabaki ya usiku, kama mwanzo. Mwandawiro, mboga za kutoka Wundanyi kwenda Voi ni zako, na mvua zikianza barabara hii ikawa tope, tutaona ni gari la nani litakaloomba msaada. Sasa wewe kijana. Simama pale watu wakuone."

Hakukuwa na kreti la soda. Nilisimama juu ya jiwe.

"Maji yana makapi?"

"Hayana, mzee."

"Wa nyuma hawajasikia."

"Maji hayana makapi!" nilipaza sauti. "Niliyatunga mimi mferejini. Chumvi niliitia mimi, kila jioni. Karoti za watu zimedumaa kwa sababu ni kiangazi. Maharagwe sijui, labda ni wadudu. Bwana Donald hakuchukua kitu."

"Ulimfanyia baba yako mdogo, ili asipoteze kazi," Mzee Hudson alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililainika kidogo. Alikuwa ananifungulia mlango.

Lilikuwa jibu zuri sana. Ningeweza kulichukua na kuondoka nalo nikiwa nusu shujaa. Lakini Bwana Donald alikuwa akinitazama akiwa kando ya gari lake, ameishika ile kengele isilie, kama siku ile njiani.

"Hapana, mzee," nilisema. "Hata hilo ni uongo. Nilifanya kwa sababu gari lile lilinijia mgongoni nikihutubia, watu wakanicheka, na mimi sikulisikia."